Uyoga Unaowinda Ndani ya Gogo

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja anayo karatasi ya somo mbele yake. Kama taa ni moja, wenye macho mazito wasogee karibu nayo. Vijana wanaweza kusoma kwa mbali.

Ndugu mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: KUVU, UZI, MNYOO. Wanafunzi watayasoma pamoja mara mbili, kisha kila mmoja atayaandika katika daftari lake. Tutayahitaji somo zima.

Mmekwisha? Haya, tuendelee.

Darasa moja la wakulima wa nyanya limeniletea barua. Wanasema miche yao hunyauka ifikapo saa sita mchana, ijapokuwa udongo una maji. Jioni miche huinuka tena, kesho yake ikanyauka. Walipong'oa mmoja wakakuta mizizi imejaa vifundo kama shanga zilizotungwa ovyo. Afisa ugani, ambaye wazee wetu bado humwita bwana shamba, akawaambia kwamba hao ni minyoo fundo. Baadaye akaja mtu mwingine akawaambia kwamba uyoga aina ya mamama huua minyoo, na kwamba anayo mifuko ya kuwauzia ili waichanganye na udongo wa shamba. Fedha anazotaka ni zile zile walizoweka kikundini kwa ajili ya mbegu za msimu ujao. Wananiuliza: Je, ni kweli uyoga unaua minyoo, au tunadanganywa?

Swali hili lina majibu mawili, na msipoyasikia yote mawili mtapoteza fedha. Jibu la kwanza ni kwamba uyoga huo unaua minyoo kweli. Jibu la pili nitalitoa baadaye, kwa sababu halieleweki mpaka tuingie kwanza ndani ya gogo bovu.

Tazameni neno la kwanza ubaoni. Kuvu ni jina la jamii nzima. Uyoga ni kuvu, ukungu wa mkate uliolala ni kuvu, na ule utandu unaoota juu ya mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka nao ni kuvu. Zamani wataalamu waliziweka kuvu katika kundi la mimea. Siku hizi wamezipa kundi lake lenyewe, tena wameona kwamba kwa asili yake kuvu ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Kuvu haina majani, wala haiwezi kujipikia chakula kwa jua kama mhindi unavyofanya. Hutafuta chakula kilichokwisha tengenezwa na wengine, kama mimi na ninyi.

Neno la pili ni uzi. Ule uyoga mnaouchuma na kuupika, wenye kofia na shina, si mwili wote wa kuvu. Ni kama embe juu ya mwembe. Mwembe wenyewe umo ndani ya gogo, nao ni nyuzi nyeupe nyembamba sana, nyembamba kuliko unywele, zinazopita katikati ya mbao kila upande. Ukibandua ganda la gogo lililolala chini mvua mbili tatu, utaziona zimejikusanya kama utando wa buibui au kama pamba iliyochambuliwa. (Tumieni kijiti, msitumie vidole. Nge nao hupenda mahali hapo.)

Sasa fikirini nyumba ya fito na udongo. Fito hushika nyumba isianguke, na udongo hujaza nafasi na kuzibana fito zisicheze. Mti nao umejengwa hivyo. Fito zake huitwa selulosi, na udongo wake huitwa lignini. Lignini ni ngumu mno kumeng'enywa. Ng'ombe mwenye matumbo manne hawezi kuimeng'enya. Viumbe wachache tu ndio wawezao kuibomoa sawasawa, na hodari kuliko wote ni zile kuvu zinazoozesha mti mpaka ukawa mweupe, mwororo, wa kuchambuka kama katani. Mamama ni mmojawapo. Kwa hiyo mamama huota juu ya magogo, na mkulima akiupa mabua ya mpunga au pumba za pamba hushiba vizuri, kwani hivyo navyo vina selulosi na lignini.

Lakini gogo ni chakula cha namna gani? Hapa ndipo penye jambo. Mtu akikupa ugali sinia zima asubuhi, mchana na usiku, bila dagaa, bila maharage, bila maziwa, utakuwa na nguvu za kutembea, lakini mwili hautajengeka. Watoto waliolishwa hivyo tumewaona wakivimba miguu. Gogo ni ugali mtupu. Lina wanga wa kutosha wa namna yake, lakini lina upungufu mkubwa wa kitu kiitwacho naitrojeni, ambacho ndicho kinachojenga nyama ya mwili. Ni kile kile mnachonunua katika mfuko wa mbolea ya urea. Wataalamu wakipima mbao hukuta kwamba kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni kuna sehemu 300 au 500 za kaboni, na katika miti mingine hata 1,000. Kuvu haiwezi kujenga mwili wake kwa hesabu hiyo. Imekaa katikati ya ghala la chakula, nayo ina njaa.

Ndani ya gogo hilo hilo wanaishi viumbe wengine, na hapa tunafika neno la tatu. Mnyoo ninayemsema si yule wa tumboni mwa mtoto wala nyungunyungu wa bustanini. Huyu ni mdogo sana, mara nyingi hafiki hata milimita 1 kwa urefu, naye hana rangi. Ukichota udongo kwa kiganja huenda umechota maelfu yao, na huwaoni. Katika gogo bovu wengine hula bakteria. Wengine wana kitu kama sindano mdomoni, nao huchoma nyuzi za kuvu na kuzifyonza. Basi kuvu ina njaa, na karibu yake pana vipande vidogo vya nyama vinavyotembea, na vingine vimekuja kuila yenyewe.

Tulieni kidogo. Mwalimu, mwulize mtu mmoja aliyekaa nyuma: Kwa nini kuvu iliyo ndani ya gogo ina njaa? Asipojibu, someni tena mafungu mawili yaliyotangulia.

Kwa muda mrefu watu hawakujua kwamba mamama ni mwindaji. Ulikuwa ukilimwa tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoanza kuuotesha juu ya visiki kwa sababu ya uhaba wa chakula, na watu wakaula miaka na miaka bila kujua. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Guelph, katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, Greg Thorn na George Barron, walitoa habari katika jarida la Science. Walikuwa wameotesha kuvu za namna mbalimbali zinazokaa katika mbao, kisha wakaweka minyoo kati ya nyuzi zake. Mamama, pamoja na aina nyingine kadhaa, uliwashambulia na kuwala.

Jinsi unavyofanya ni hivi. Juu ya nyuzi za mamama huota vishina vifupi mno, na kila kimoja kina kichwa cha mviringo, mfano wa pipi ya kijiti. Mnyoo hupita huku na huku akitafuta chakula, akitangulia na kichwa. Akigusa kichwa cha kishina kile, husimama. Kwa muda wa dakika chache tu hujikunja, hulegea, hawezi tena kwenda. Kisha nyuzi za jirani hugeuka na kumwendea. Nazo haziendi ovyo: huelekea mdomoni mwake na kwenye matundu mengine ya mwili, zikaingia humo, zikasambaa ndani na kummeng'enya. Baadaye hubaki ngozi tupu. Naitrojeni yake sasa imo katika kuvu, na msimu wa mvua huenda sehemu yake ikatoka nje ya gogo kama uyoga mnene wa kupika kwa nazi.

Je, kuna nini katika kichwa kile? Swali hilo lilikaa miaka mingi. Mwaka 1992 ilitangazwa asidi moja iliyotolewa katika kuvu hiyo, lakini haikueleza jambo lote. Jibu zuri zaidi limetoka Taiwan, katika taasisi ya utafiti iitwayo Academia Sinica. Watafiti wa huko walitumia mnyoo mdogo anayefugwa katika maabara nyingi duniani. Mwaka 2020 walionyesha kwamba sumu ile huingilia katika vinywele vya kuhisia, vilivyo mwishoni mwa mishipa ya fahamu kichwani mwa mnyoo. Walijuaje? Walichukua minyoo waliozaliwa na kasoro, ambao vinywele hivyo havikukamilika, wakawaweka juu ya kuvu. Wale wenye kasoro hawakupooza, na wazima wakafa. Mimi nikisoma habari kama hii hucheka kidogo. Kiungo kile kile kinachomsaidia mnyoo kutafuta chakula ndicho mlango wa kifo chake, na kilema ndiye aliyepona.

Mwaka 2023 watafiti hao wakatangaza yaliyomo katika kile kichwa cha pipi. Ni kitu kiitwacho oktanoni, chepesi kama petroli, kinachogeuka kuwa mvuke upesi. Kichwa kinapoguswa hupasuka, na mvuke ukatoka. Mvuke huo huharibu kuta za chembe za mwili wa mnyoo, madini ya kalsiamu yakafurika ndani ya misuli na mishipa yake, naye akakazana mpaka akafa. Watafiti walikuwa wamezizalisha kuvu nyingi mno zenye mabadiliko, wakatafuta zile zisizoota vishina. Zile zisizo na vishina hazikuwadhuru minyoo. Hapo ndipo waliposema kwa hakika kwamba silaha imo humo.

Najua swali lililomo vichwani mwenu sasa, maana hata mimi niliwaza hivyo: Kama mamama una sumu, mbona tunaula? Vishina vile huota juu ya nyuzi zilizo ndani ya gogo au ndani ya mfuko wa mabua. Tena kinachomwua mnyoo wa milimita 1 anayekigusa kwa pua si lazima kimdhuru mtu. Mamama umeliwa na watu wengi katika nchi nyingi, nao hununuliwa sokoni Dar es Salaam na Nairobi. Upikeni uive vizuri. Wenye kulima uyoga huo ndani ya banda watie hewa, kwa sababu vumbi jeupe linalodondoka kutoka chini ya kofia zilizokomaa huwaletea wengine kikohozi na kubanwa kifua. Na uyoga wa porini msioujua msiule kabisa, hata kama unafanana na huu. Uyoga wa sumu hauna alama moja ya kuutambulia, na wanaosema kwamba ukitia kitunguu au fedha katika sufuria utajua, wamezika watu.

Mamama si mwindaji peke yake. Ziko kuvu nyingine zenye njia tofauti, na waliokulia kijijini watazielewa upesi, maana ni mitego yetu ile ile. Ninyi mliowahi kuchemsha utomvu na kuupaka juu ya kijiti ili kunasa ndege, mnajua ulimbo. Kuvu iitwayo Arthrobotrys hutandaza pete na nyavu za ulimbo, na mnyoo akipita hunata. Mjerumani Wilhelm Zopf aliliona jambo hilo likitendeka kwa macho yake na kuliandika mwaka 1888. Nyingine hutega tanzi. Hutengeneza pete ya chembe tatu tu, na mnyoo akipenya ndani yake zile chembe huvimba ghafla na kumbana. Tendo hilo huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde. Na kuna ndugu wa karibu wa mamama, huitwa Hohenbuehelia, nao wakaa katika mbao, ambao hutoa vifundo vyenye gundi, vyembamba kiunoni, vikashika ngozi ya mnyoo. Ukilinganisha, mamama hautegi mtego. Wenyewe ni kama mwenye mshale wa sumu.

Haya, turudi shambani kwa ndugu zetu wa nyanya. Jibu la pili.

Mnyoo fundo ni wa jamii hiyo hiyo ya minyoo wadogo, lakini maisha yake ni mengine. Mtoto wake hutoka katika yai, husafiri safari fupi katika udongo, huingia ndani ya mzizi, na huko hukaa. Jike hunenepa mpaka akawa kama tone, mzizi ukavimba kumzunguka, naye akataga mayai mamia. Kwa hiyo muda anaokuwa nje, mahali awezapo kukutana na kuvu, ni mfupi. Na mamama nao hauishi katika udongo mtupu. Nyumba yake ni mti na mabua. Ukiuvunja mfuko na kuufukia, nyuzi zake huingia katika vita na maelfu ya viumbe wengine waliozaliwa katika udongo ule, na mara nyingi mgeni ndiye anayeshindwa. Jambo hili limewasumbua watafiti tangu zamani, walipokuwa wakijaribu kuzitia kuvu za ulimbo na tanzi katika mashamba.

Lakini msitupe jambo lote. Huko Hawaii, katika miaka ya 1930, mtafiti Linford na wenzake walitia majani ya minanasi yaliyokatwakatwa katika udongo wenye minyoo fundo. Majani yalipooza, minyoo ya kawaida iliongezeka sana, kuvu zinazowinda zikaongezeka, kisha minyoo fundo wakapungua. Hawakuleta kuvu kutoka mbali. Waliwalisha wenyeji. Na katika majaribio ya vyungu, mabaki ya mifuko ya mamama baada ya uyoga kuchumwa yamewahi kupunguza vifundo vya mizizi. Basi mkiwa na jirani anayelima uyoga, naye anayatupa mabaki yake nyuma ya banda, mwombeni. Ni samadi nzuri, hulegeza udongo, na huenda ikawasaidia kidogo. Lakini kuomba mabaki ni jambo moja, na kutoa fedha za mbegu kununua mifuko mipya kwa ahadi ya kuponya shamba zima ni jambo jingine. Fedha hizo zikaeni nazo. Mwulizeni mwuzaji swali moja tu: Ni shamba gani la nyanya, kubwa kama letu, lililopona, na je, tunaweza kwenda kuliona?

Katika msimu huu fanyeni yafuatayo. Mkimaliza kuvuna, ng'oeni mizizi yote na kuichoma moto. Mkiiacha ardhini mmeacha mayai. Miche ya msimu ujao iotesheni mahali pengine, penye udongo safi, kwa maana wengi huhamisha minyoo wenyewe kwa mikono yao kutoka kitaluni. Bamia, biringanya na maharage hushambuliwa pia, hivyo msizipande mahali pale mkadhani mmebadilisha zao. Marejea, ambayo wenzetu wa Ruvuma wanaifahamu kwa kurutubisha shamba, imeonekana kupunguza minyoo fundo ikipandwa kwa zamu na mazao. Ziko pia mbegu za nyanya zinazowastahimili. Mwulizeni afisa ugani zinazopatikana kwenu.

Jambo moja zaidi kuhusu vifundo, kwani nimeona watu wakikosea na kung'oa maharage mazuri. Mizizi ya maharage na kunde ina vifundo vyake vya halali, vyenye bakteria wanaolisha mmea naitrojeni. Vifundo hivyo vimebandikwa ubavuni mwa mzizi; ukivisugua kwa kidole hutoka kwa urahisi, na ukikipasua kimoja ndani ni chekundu kidogo, kama nyama. Kifundo cha minyoo hakibanduki. Ni mzizi wenyewe uliovimba. Mwalimu akiweza, kesho alete mzizi wa nyanya na mzizi wa kunde, viwekwe mezani, na kila mwanafunzi ashike kwa mkono wake.

Kazi ya wiki hii. Kwanza, tafuteni gogo bovu karibu na darasa, mbandue ganda, mtazame kama mbao imekuwa nyeupe na ya nyuzinyuzi, au imekuwa ya kahawia na kupasukapasuka kama matofali madogo. Ile nyeupe ndiyo iliyobomolewa lignini. Ile ya kahawia imeliwa na kuvu za namna nyingine, ambazo hula zile fito na kuuacha ule udongo. Rudisheni ganda mahali pake. Pili, andikeni sentensi tano kwa maneno yenu wenyewe kueleza jinsi mamama unavyompata mnyoo. Tatu, wanaojua hesabu za kugawanya: Kama gogo lina sehemu 500 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni, na kuvu inahitaji sehemu 1 ya naitrojeni kwa kila sehemu 20 za kaboni mwilini mwake, je, upungufu wake ni mara ngapi?

Majibu yakusanywe na mwenyekiti wa kikundi kabla ya kipindi kijacho. Na ninyi ndugu wa nyanya, mkitia mabaki ya uyoga, yatieni katika matuta mawili tu, mengine myaache bila kitu, kisha wakati wa kung'oa mhesabu vifundo vya mizizi kumi kila upande mniandikie. Barua yenu nitaisoma hapa.

Kwa herini.